UZI: Forest Whitaker, kutoka kumkimbiza Van Damme hadi kuvaa magwanda ya Idi Amin

#1 – Mwanzisha uzi

Wakuu, heshima kwenu.

Kwenye ule uzi wa waigizaji weusi wa Marekani orodha ilikuwa ileile ya siku zote: Denzel, Will Smith, Samuel L. Jackson, Morgan Freeman, halafu tunarudi kwa Denzel kuanza upya. Forest Whitaker kaguswa na mdau mmoja tu, tena hata jina hakulitaja, kaandika "yule wa Nduli", yaani aliyemwigiza Idi Amin. Nikasema hapana, huyu mzee anastahili uzi wake. Ni mrefu kidogo, wenye haraka pitieni juujuu.

Nianze na kitu ambacho wengi hapa mmekiona bila kujua. Aliyekulia vibanda umiza anaijua Bloodsport. Mnamkumbuka Chong Li akichezesha misuli ya kifua, mnamkumbuka Van Damme akipigana bila kuona baada ya kurushiwa unga machoni. Sasa wale maafisa wawili waliokuwa wakimkimbiza steringi Hong Kong nzima wamrudishe jeshini, mmoja mzee wa kizungu na mwingine kijana mweusi, yule kijana ndiye Whitaker. Ni kazi ya kukimbia na kuchekesha, hakuna cha maana anachoongea. Filamu ilitoka mapema 1988. Mei mwaka huohuo, Cannes, Ufaransa, jamaa huyohuyo anapanda jukwaani kuchukua tuzo ya mwigizaji bora wa kiume kwa filamu ya Bird, chini ya Clint Eastwood. Miezi michache tu imepita. Nitajieni mwingine aliyewahi kuruka umbali huo ndani ya mwaka mmoja.

Hoja yangu ni hii, na mnaruhusiwa kuipinga: watu wanasema Whitaker ni hodari kwa sababu anajua kubadilika. Mimi naona kinachombeba ni kujizuia. Ana mwili mkubwa, ana sauti, ana kila kitu cha kukuvamia nacho, lakini hakitumii. Anakiweka akiba. Siku akikitoa, kama alivyofanya kwa Amin, unashtuka kwa sababu hukujua kilikuwa kinakaa wapi.

Historia fupi. Kazaliwa Longview, Texas, 15 Julai 1961, akakulia Los Angeles. Alikuwa mchezaji wa mpira wa Kimarekani, na mpira ndio uliompeleka chuo, Cal Poly Pomona. Mgongo ukaumia, mpira ukaishia hapo. Akahamia kwenye muziki, tena muziki wa opera, sauti ya juu ya kiume (tenor). Akaenda chuo kikuu cha USC kwa njia hiyo ya kuimba, na hukohuko ndipo alipogeukia maigizo. Shikeni hilo la opera, litarudi.

Filamu zake za kwanza ni za kupita nyuma ya wenzake. Fast Times at Ridgemont High ya 1982 anacheza nyota wa mpira wa shule ambaye gari lake linaharibiwa na mhusika wa Sean Penn. Karibu haongei. Anaangalia tu lile gari, na hasira anazimalizia uwanjani.

Ila mtu akitaka kuona lini Hollywood ilishtuka, atafute The Color of Money, 1986, ya Martin Scorsese. Paul Newman ni mzee mjanja wa mchezo wa pool, kaishi kwa kuwatapeli watu mezani miaka yote. Anaingia kijana mnene, mpole, anaitwa Amos, anaonekana kama hajui hata fimbo inashikwaje. Anapoteza mchezo, anaongea mambo yasiyoeleweka, anacheka peke yake. Dau linapanda, na mpira unaanza kuingia. Newman anagundua polepole kwamba kapigwa kwa mbinu yake mwenyewe. Anamuuliza kama yeye ni tapeli. Amos hajibu. Anamuuliza Newman kama anaona inabidi apunguze uzito. Kwisha. Dakika chache tu za filamu, na Newman ndiye aliyechukua Oscar kwa filamu hiyo, lakini muulize yeyote aliyeiona anakumbuka nini.

Mwaka huohuo yumo kwenye Platoon, mwaka uliofuata yuko na Robin Williams kwenye Good Morning, Vietnam. Robin anabwabwaja, Whitaker anapokea. Kazi ya kupokea ni ngumu kuliko mnavyodhani.

Kisha Bird. Charlie Parker, mpiga saksafoni wa jazz, aliyefariki Machi 1955 akiwa na miaka 34, mwili umeliwa na heroini na pombe kiasi kwamba daktari aliyemkagua alimkadiria umri mkubwa zaidi kwa miaka mingi. Kwenye filamu sauti ya saksafoni ni ya Parker halisi: walichukua rekodi zake za zamani, wakaichuja saksafoni peke yake, wakarekodi upya wapigaji wa kumsindikiza. Maana yake Whitaker alilazimika kuoanisha vidole, mashavu na pumzi na mtu aliyekufa zaidi ya miaka 30 kabla. Hapo ndipo mafunzo ya kuimba yalipomsaidia. Angalieni mabega yake anapovuta hewa kabla ya kuanza kupiga. Mwigizaji asiyejua pumzi angekuwa anatikisa vidole tu.

Na Parker wake si mlevi wa kupiga kelele. Ni mtu mstaarabu, anaongea taratibu, anaomba radhi, halafu anakwenda kujiua kidogokidogo.

Naweka kituo, naendelea jioni. Michango ruksa.

#2

Umenishtua na hilo la Bloodsport mkuu. Nimeiona ile filamu tangu enzi za mikanda na sijawahi kumuunganisha na Amin. Ndio yule?

#3 – Mwanzisha uzi

Ndiye. Angalia jicho la kushoto. Kope yake imelegea tangu zamani, ni hali ya kimwili aliyo nayo. Wengine wangeliona kasoro, yeye limemfanya asisomeke. Ukimtazama hujui kama anakuhurumia, ana usingizi au anapanga kukumaliza.

#4

Mwanzisha uzi usisahau The Crying Game. Mimi kwangu ndiyo bora kuliko zote.

#5 – Mwanzisha uzi

Nilikuwa naielekea. 1992, ya Neil Jordan. Anacheza mwanajeshi wa Uingereza aliyetekwa na IRA, wapiganaji waliopinga utawala wa Uingereza, kule Ireland ya Kaskazini. Kuna wahakiki waliolalamika kwamba lafudhi yake ya Kiingereza cha London haikukaa sawa, na kwenye hilo siwapingi. Lakini tazameni alichofanya. Sehemu kubwa ya muda wake kafungwa mikono, kichwani kavalishwa gunia. Uso huuoni. Mwigizaji kanyang'anywa silaha zote kabaki na sauti. Kwa sauti hiyo tu anamlainisha mlinzi wake, anamsimulia hadithi ya nge na chura, anamwonesha picha ya mpenzi wake aliyemwacha nyumbani, mpaka yule mlinzi hawezi tena kumpiga risasi. Anakufa mapema mno, gari la jeshi lake mwenyewe ndilo linamgonga, na bado filamu yote iliyobaki inamzunguka yeye.

#6

Mkuu kuna watu hawajaiona hiyo. Umemwaga mchele.

#7 – Mwanzisha uzi

Filamu ya 1992 mkuu. Muda wa kuweka siri umepita.

Tuendelee. Miaka ya 90 jamaa akageuka mwongozaji pia, na hapa wengi hawajui. Waiting to Exhale ya 1995, ile ya Whitney Houston na Angela Bassett ambayo nyimbo zake zilipigwa redioni mpaka kanda zikachoka, kaiongoza yeye. Hope Floats ya Sandra Bullock, 1998, ni yeye pia. Filamu za wanawake, mapenzi, talaka, kukaa na mama. Ukizitazama bila kusoma majina hutabashiri kama aliyekaa nyuma ya kamera ni yule afisa wa Bloodsport.

1999 akaja na Ghost Dog, ya Jim Jarmusch. Hii naombeni muitafute. Muuaji wa kukodiwa anayeishi juu ya paa la jengo pamoja na njiwa zake, anafuata maadili ya samurai wa Japani, na mabosi wake ni majambazi wazee wa Kiitaliano wanaodaiwa hata kodi ya pango. Muziki ni wa RZA wa kundi la rap la Wu-Tang. Whitaker haongei kwa dakika nyingi mfululizo, anatembea tu, na kutembea kwake kunatosha. Mtu mzito anayetembea kama hana uzito.

Rafiki yake mkubwa humo ndani ni muuza aiskrimu kutoka Haiti, kaigizwa na Isaach de Bankolé wa Ivory Coast. Yule anaongea Kifaransa peke yake, huyu Kiingereza peke yake. Hakuna anayemwelewa mwenzake. Mmoja anasema jambo, wa pili anasema jambo lilelile kwa lugha yake bila kujua kuwa mwenzake kalisema sasa hivi. Inachekesha, na ghafla unakuta koo limekukaba.

Kisha Panic Room ya David Fincher, 2002. Wezi watatu wanavamia nyumba New York, Jodie Foster na mwanawe wamejifungia chumba cha usalama. Whitaker ni mwizi ambaye kazi yake halali ni kutengeneza vyumba hivyohivyo. Anamchoma sindano mtoto mwenye kisukari ili asife, na mwishoni angeweza kutoroka na hati zake za mamilioni, lakini anarudi kuwaokoa. Polisi wanamfikia uani, mvua inapiga, wanamwamuru anyooshe mikono. Anaachia vidole na zile hati zinapeperuka zote. Hasemi kitu. Uso wake pale mimi naulinganisha na sehemu yoyote ya Amin.

#8

Hebu ufike kwa Nduli sasa, ndicho kilichotuleta.

#9 – Mwanzisha uzi

Haya. The Last King of Scotland, 2006, mwongozaji Kevin Macdonald, imetoka kwenye riwaya ya Giles Foden. Ilipigwa Uganda kwenyewe, na humo wamo Waganda kama Abby Mukiibi na Stephen Rwangyezi. Whitaker alikwenda mapema, akakutana na ndugu wa Amin na waliokuwa mawaziri na majenerali wake, akajifunza kupiga kodiani kwa sababu Amin alikuwa akiipiga, na akajifunza Kiswahili. Si kwa mbwembwe. Amin alikuwa mtoto wa KAR, jeshi la mkoloni Mwingereza Afrika Mashariki, na jeshi lile liliongea Kiswahili.

Sasa tazama anavyoingia. Mara ya kwanza tunamwona anahutubia wanakijiji, anacheka, watu wanampenda, na wewe unampenda. Baadaye gari lake linagonga ng'ombe, mkono unateguka, daktari kijana wa Kiskoti (James McAvoy) anaitwa. Ng'ombe analia kwa maumivu, daktari anakasirika, anachukua bastola ya Amin mwenyewe na kummaliza ng'ombe. Walinzi wanakoki. Kimya. Whitaker anamwangalia yule kijana muda mrefu kuliko unavyoweza kuvumilia. Halafu akijua ni Mskoti uso unafunguka, anataka fulana yake ya Scotland, anavua shati lake la jeshi na kubadilishana. Kile kimya kabla ya kicheko ndicho kilichompa Oscar, mimi ndivyo ninavyoamini. Kuanzia hapo kila akicheka unasubiri.

Kipande kingine: baada ya kuwafukuza Waasia mwaka 1972 mambo yameharibika, Amin anamgeukia daktari na kumlaumu kwa nini hakumwambia asiwafukuze. Daktari anasema nilikwambia. Amin anajibu kwamba kusema alisema, ila hakumshawishi. Anaitoa sentensi hiyo kwa unyonge wa mtoto aliyeonewa. Hapo ndipo unapoelewa jinsi mtu kama yule anavyowafunga watu wa karibu: hatia yote inakuwa yako.

25 Februari 2007 akachukua Oscar mbele ya DiCaprio, Will Smith, Ryan Gosling na mzee Peter O'Toole, ambaye hiyo ilikuwa mara yake ya nane kuteuliwa na kutoka mikono mitupu. Whitaker akawa mweusi wa nne kushinda ya mwigizaji bora wa kiume, baada ya Sidney Poitier, Denzel na Jamie Foxx. Kwenye hotuba alisimulia kuwa utotoni filamu alikuwa akiziangalia akiwa kiti cha nyuma cha gari la familia, na akawashukuru watu wa Uganda.

#10

Naomba nipinge kidogo. Kama Mtanzania, filamu ya Amin isiyo na Kagera kwangu ni nusu. Inaishia kwenye ile ndege iliyotekwa na kupelekwa Entebbe 1976. Aliyevamia ardhi yetu 1978 na aliyekimbia Kampala Aprili 1979 hayumo. Na daktari mwenyewe ni wa kutunga. Sisi wazee wetu walipigana, halafu stori inapita kwa mzungu ambaye hakuwepo.

#11 – Mwanzisha uzi

Sikupingi hata kidogo. Hilo ni kosa la riwaya na la waandishi wa filamu. Na kuna jambo la kuongezea: ukihesabu muda, steringi hasa ni McAvoy, ndiye tunayemfuata mwanzo hadi mwisho. Whitaker kapewa tuzo ya mwigizaji mkuu kwenye hadithi ya mtu mwingine. Ila hilo kwangu linamwongezea sifa. Kapewa chumba cha nyuma, nyumba nzima ikawa yake.

#12

Salamu kutoka Kenya. Ndugu zangu mnamsahau Joseph Olita! Amin wa kwanza mkubwa kwenye sinema ni wetu, Rise and Fall of Idi Amin ya 1981, Sharad Patel ndiye aliyeiongoza. Halafu Mira Nair akamwita tena awe Amin kwenye Mississippi Masala, 1991. Olita alifanana na Amin mpaka watu wakaogopa. Whitaker hafanani naye.

#13 – Mwanzisha uzi

Asante sana kwa kumleta Olita, apumzike kwa amani, alituacha 2014. Kwa sura na umbo hakuna wa kumgusa. Lakini ile filamu ya 1981 ilitaka zimwi, na Olita akatoa zimwi: anakula nyama za watu, anafumua macho, watu kibandani wanapiga mayowe. Unatoka pale huna swali. Amin wa Whitaker anakuachia swali baya zaidi, kwamba ungekuwa Kampala Januari 1971 pengine nawe ungekuwa barabarani unashangilia. Na wapo wengi walioshangilia.

#14

Mimi niko Uganda. Nisemee hilo la Kiswahili. Huku watu wa rika la wazazi wangu Kiswahili walikisikia kwanza kwenye kizuizi cha barabarani, kutoka kwa askari. Amin alitangaza kiwe lugha ya taifa 1973, na hiyo ilizidi kuwafanya wengi wakichukie. Kwa hiyo mwigizaji wa Kimarekani kujifunza Kiswahili kwa ajili ya Amin alilenga penyewe. Ningemlaumu kama angejifunza Luganda. Halafu mkumbuke bado anakuja huku, taasisi yake inafanya kazi na vijana kaskazini mwa Uganda na Sudan Kusini.

#15 – Mwanzisha uzi

Mchango mzito, asante. Na ndiyo, taasisi aliianzisha 2012, mwaka mmoja baada ya UNESCO kumpa ubalozi mwema. Wengi wakishamaliza kupiga filamu Afrika hatuwaoni tena.

Sasa sehemu inayoniudhi. Baada ya Oscar mlitegemea nini? Mimi nilitegemea mwaka mmoja mmoja filamu kubwa. Badala yake Hollywood ikamgeuza kuwa mkuu wa polisi. Street Kings, mkuu wa polisi. The Last Stand ya Schwarzenegger, afisa wa FBI. Taken 3, mpelelezi anayechezea kete ya sataranji (chess) na mpira wa kufungia karatasi huku Liam Neeson anamaliza watu. Mnampa mtu wa Bird kipande cha chess achezee! Hata Arrival ya 2016, filamu nzuri sana, yeye ni kanali wa kusimama na kuuliza maswali.

Waliomtumia vizuri ni wachache. Runingani kwenye The Shield, hata kabla Oscar haijatoka, alikuwa mpelelezi Kavanaugh anayemchunguza polisi mchafu Vic Mackey. Anatafuna chingamu, anatabasamu, na msimu unavyokwenda unaona mtu mwenye haki anaoza kwa sababu ya kutaka haki kupita kiasi. Kwa maoni yangu ile ndiyo kazi yake bora ya pili.

Lee Daniels naye alielewa. The Butler, 2013, imetokana na maisha ya Eugene Allen, aliyehudumu Ikulu ya Marekani kutoka 1952 hadi 1986. Kazi ya mhudumu ni kusikia kila kitu na kuonekana hujasikia. Marais wanajadili haki za weusi, mweusi yuko pembeni anamimina chai, na mtoto wake yuko Kusini anapigwa na polisi. Nani mwingine mngempa? Filamu ina mapungufu, vile vipodozi vya marais ni vichekesho, lakini Whitaker akiwa na sinia mkononi hataki kuchekwa. Marekani peke yake iliingiza zaidi ya dola milioni 100.

#16

Black Panther hujaitaja.

#17 – Mwanzisha uzi

Zuri, mzee wa mizizi ya Wakanda. Ni kazi ndogo ila ina hadithi nyuma yake. 2013 Whitaker alikuwa mmoja wa watayarishaji wa Fruitvale Station, filamu ya kwanza ndefu ya kijana asiyejulikana aitwaye Ryan Coogler, steringi Michael B. Jordan. Miaka mitano baadaye Coogler anaongoza Black Panther, anamwita mzee. Na anayemuua Zuri ni nani? Michael B. Jordan. Asante ya punda hiyo.

#18

Hahaha. Mkuu, mimi mgeni kabisa, nimemwona kwenye Taken 3 tu. Nianzie wapi? Na usinipe filamu kumi.

#19 – Mwanzisha uzi

Kama unapenda kukaza roho, Panic Room usiku mmoja. Ukishapata imani naye, Ghost Dog, ila zima simu, ile haitaki mtu mwenye haraka. Bird ina zaidi ya saa mbili na nusu, iwekee Jumapili. Amin nadhani utamwona hata bila kuambiwa. Kama wewe ni mtu wa mfululizo, Godfather of Harlem, ilianza 2019: yeye ni Bumpy Johnson, jambazi aliyetoka gerezani 1963 na kukuta mtaa wake Harlem umechukuliwa na Waitaliano, huku rafiki yake Malcolm X anahubiri kona ya pili. Humo ni mzee wa miaka zaidi ya hamsini anayepigana, na bado mkono ukishatulia mezani ndipo wenzake wanapoanza kutoka jasho.

Battlefield Earth usiiguse, hata kwa bure. Species na Taken 3 huna haja ya kuzitafuta, utazikuta zinarudiwa kwenye king'amuzi.